Barua ya wazi: Kabla ya kutuhesabia siku 30, tuonyesheni mlango wa kupeleka pingamizi la kodi

Kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Bajeti

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo haliwezi kujaza ukumbi wa Bunge hata siku ya mvua: mwananchi anayepinga kodi aliyotozwa apeleke wapi pingamizi lake, na siku alizopewa zinaanza kuhesabiwa lini. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Wanaonijia hawana wakili wala mhasibu. Wengi huja na kero ya kodi ya majengo, na wengi wao huja muda ukiwa umeshapita, ingawa walianza kuhangaika mapema tu.

Ombi langu nalitoa mapema ili msilitafute. Pingamizi lililofikishwa ndani ya muda kwenye ofisi ya umma ambayo siyo inayohusika lipelekwe panapohusika likiwa na tarehe yake ya kwanza. Na siku zisianze kuhesabiwa dhidi ya mtu ambaye hajaambiwa aende wapi.

Sheria ilivyo mnaijua kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa na wengine pia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inampa mlipakodi siku 30 tangu apewe uamuzi wa kodi, awe amewasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Pamoja na pingamizi anatakiwa alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, labda Kamishna amsamehe sharti hilo au amlegezee. Kamishna akitoa uamuzi wa mwisho na mtu bado hajaridhika, Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inamtaka atoe notisi ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30 na awasilishe rufani yenyewe ndani ya siku 45 kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, na juu ya Baraza kuna Mahakama ya Rufani, ambayo hapo husikiliza hoja za kisheria peke yake. Bodi ndiyo yenye mamlaka ya pekee ya kuanza kusikiliza mashauri ya madai yanayotokana na sheria za kodi zinazosimamiwa na TRA. Kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo siyo pa kuanzia, ya Wilaya siyo, na hata Mahakama Kuu siyo.

Kwa kampuni yenye mshauri wa kodi, ngazi hizi hazina shida. Anajua pa kukanyaga na anajua tarehe. Kizunguzungu kinaanza tunapofika kwenye kodi ya majengo.

Kodi hii imehamahama. Ilikuwa ya halmashauri tangu Sheria ya Kodi ya Majengo ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983. Mwaka 2008 TRA ikapewa kazi ya kuikusanya Dar es Salaam. Mwaka 2014 ikarudishwa halmashauri. Mwaka 2016 ikarudi TRA, safari hii ikivuka mipaka ya Dar es Salaam. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kila hatua ilikuwa na sababu zake za mapato na sina ugomvi nazo. Ila kila mkusanyaji anapobadilika, swali la nani anapokea malalamiko linabaki hewani, na mwananchi wa kawaida hasomi Sheria ya Fedha ya kila mwaka ili ajue.

Nikiri kwamba LUKU imemaliza ugomvi mmoja mkubwa. Zamani watu walibishana na mthamini: nyumba yangu si ya thamani hii, paa limechakaa, kiwanja kiko bondeni. Kiwango kimoja kwa wote kimeondoa hayo. Lakini kimeleta ubishi wa aina nyingine, ambao si wa thamani bali wa utambulisho. Je, hii ni nyumba ya kawaida au ghorofa? Sakafu ni ngapi? Mita mbili za umeme kwenye uwanja mmoja ni nyumba mbili, au ni nyumba moja na banda la uani? Mwenye nyumba ana miaka 60 na anaishi humo mwenyewe, mbona anakatwa? Anayenunua umeme ni mpangaji, je, na yeye ni mlipakodi mwenye haki ya kupinga, au amalizane na mwenye nyumba kimyakimya kwenye kodi ya pango?

Mtaniambia 1,500 haimtoshi mtu hata kuandikia barua na kupanda daladala. Kwa nyumba ya kawaida ni kweli. Lakini ghorofa ya sakafu nne ni shilingi 360,000 kwa mwaka, na ikisomeka kwenye mfumo kuwa na sakafu sita inakuwa 540,000. Kwa mjane anayeishi kwa kupangisha vyumba, hiyo tofauti ni ada ya mtoto. Na hata hiyo 1,500, kama si halali yake, haigeuki kuwa halali kwa sababu ni ndogo.

Sasa chukueni ujumbe wa LUKU, ule unaoingia kwenye simu ukishalipa. Una tarakimu 20 za tokeni. Una idadi ya yuniti. Una VAT, una tozo za EWURA na REA, taasisi za nishati, na una makato ya kodi ya majengo. Kila senti ina mstari wake. Hakuna mstari unaosema: kama hukubaliani na makato haya, peleka pingamizi mahali fulani, kabla ya tarehe fulani. Sasa huo ndio uamuzi wa kodi? Kama ndio, mtu amepewa rasmi siku gani: siku aliponunua umeme, siku mita yake ilipounganishwa na kodi kwenye mfumo, au ni uamuzi mpya kila mwezi anapokatwa? Nimewauliza wanasheria watatu, kila mmoja akanipa jibu lake, na wote walijibu kwa kujiamini.

Nawapa kisa kimoja, bila kutaja mji wala ofisi, maana sina nia ya kumchongea mtumishi yeyote. Mama mmoja mjane, nyumba ya vyumba vitatu, nyuma ana banda alilowekea mita ya pili kwa ajili ya mpangaji. Makato yakawa yanakuja mara mbili. Akaandikiwa barua nzuri na kijana wa jirani. Akaanza kwa mtendaji wa mtaa, kama tulivyofundishwa wote kuanza serikali ya mtaa. Mtendaji akaipokea, akagonga muhuri, akamwambia hili ni la umeme. Kwenye umeme wakagonga muhuri wakamwambia sisi tunakusanya tu, pesa siyo yetu. Mtu akamshauri aende Baraza la Ardhi na Nyumba, na ushauri wenyewe ulikuwa na mantiki, kwa sababu tatizo ni la nyumba. Karani akapokea, akagonga muhuri, na baada ya muda akaambiwa baraza halina mamlaka na mambo ya kodi. Ndipo akafika kwenye ofisi ya kodi.

Barua hiyo niliishika mkononi. Ilikuwa na mihuri minne kwenye karatasi moja, miwili imepandana kwenye kona ya juu kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Muhuri wa kwanza ulikuwa ndani ya siku 30 tangu alipoanza kukatwa. Wa mwisho ulikuwa nje.

"Mama, umechelewa," akaambiwa.

"Nimechelewa wapi mwanangu, na muhuri wenu wa kwanza huu hapa?"

Yule kijana hakuwa mkorofi. Alimweleza kwa upole kwamba muhuri wa mtendaji si muhuri wao. Kwa sheria ilivyo, alikuwa sahihi. Kwa yule mama, hata hivyo, wote wanne ni Serikali. Wote wana picha ya Rais ukutani. Yeye alipoleta barua kwa mtendaji aliamini ameifikisha Serikalini, na mimi sioni alikosea wapi kuamini hivyo.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unamnasa hata mwenye bidii. Mtu akiamua kwenda mahakamani kuishtaki Serikali au halmashauri, anaambiwa kwanza atoe notisi ya siku 90. Ndivyo Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inavyotaka, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri nazo zimo. Mtu mwaminifu anatoa notisi, anakaa anasubiri siku 90 kama alivyoelekezwa. Akija kufungua kesi, linaletwa pingamizi la awali: mahakama hii haina mamlaka, suala ni la kodi, alipaswa kuanza kwa Kamishna. Shauri linaondolewa. Akigeuka kwenda kwa Kamishna, zile siku 30 zilikufa miezi miwili kabla hata notisi haijaiva. Alitii sheria moja, sheria nyingine ikampita pembeni.

Najua jibu la haraka: aombe kuongezewa muda. Sura ya 408 inaruhusu Bodi kuongeza muda kama mtu alikuwa nje ya nchi, alikuwa mgonjwa, au ana sababu nyingine ya msingi. Na Mahakama ya Rufani katika shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija, lililoripotiwa mwaka 1997, ilitofautisha kati ya ucheleweshaji halisi na ule wa kiufundi, yaani pale mtu alipowahi na shauri lake likaondolewa kwa kasoro. Ni uamuzi wa utu. Lakini mahakama hiyohiyo, katika shauri la Bushiri Hassan, imesema kila siku ya kuchelewa, hata moja, lazima itolewe maelezo. Hebu fikirieni maombi hayo yanavyotayarishwa: hati ya kiapo, maelezo ya siku baada ya siku, nakala za kila barua. Anayeweza kuandaa maombi ya namna hiyo ni yuleyule ambaye asingepotea njia tangu mwanzo. Aliyepotea kwa kutojua ndiye asiyeweza kueleza kupotea kwake kwa lugha ya kiapo.

Kuna pia Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Kifungu cha 21 kinaondoa kwenye hesabu muda ambao mtu aliutumia kwa nia njema na kwa bidii kuendesha shauri kwenye mahakama isiyo na mamlaka. Kwa hiyo msiniambie wazo ninaloleta ni geni. Limo kwenye sheria zetu miaka mingi. Shida ni kwamba kifungu hicho kinamfaa aliyekuwa mahakamani. Mama wa mihuri minne alikuwa madirishani.

Labda mtauliza kwa nini silipeleki jambo hili kwa majaji. Kwa sababu majaji mikono yao imefungwa, na ni vizuri imefungwa. Tangu shauri la Shyam Thanki la mwaka 1971 ni kanuni ya msingi kwamba mahakama zetu zimeundwa na sheria, mamlaka yake yanatoka kwenye sheria, na wadaawa, yaani pande za kesi, hawawezi kukubaliana kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo. Huruma ya jaji haizalishi mamlaka. Hata ile kanuni ya kutazama haki kuliko ufundi, iliyoingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilishasema mapema, katika shauri la Kijiji cha Mondorosi, kwamba haitumiki kiholela kuvuka masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Nakubaliana nayo. Siku mahakama itakapojipa mamlaka kwa kuonea mtu huruma, siku inayofuata itajipa kwa sababu nyingine. Anayeweza kurekebisha ni Bunge, na anayeandaa muswada ni ninyi.

Katiba imeshawaonyesha njia. Ibara ya 107A(2)(e) inazitaka mahakama kutenda haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka." Mahakama haiwezi kutii maneno hayo kikamilifu kama sheria ya kodi yenyewe imeandikwa kwa namna isiyoacha mwanya.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani, tangu mwaka 1982, mahakama ya shirikisho ikigundua haina mamlaka na haki ikidai hivyo, inalihamishia shauri kwenye mahakama nyingine ya shirikisho yenye mamlaka, na shauri linahesabiwa kama lilifunguliwa huko siku ileile lilipofunguliwa kule kwa makosa. Tarehe inasafiri na faili. Ujerumani, sheria yao kuu ya kodi inasema muda wa pingamizi, ambao ni mwezi mmoja, hauanzi kukimbia mpaka mlipakodi aelezwe kwa maandishi kwamba anaweza kupinga, apeleke kwa mamlaka ipi, iko wapi, na muda wake ni upi. Maelezo hayo yakikosekana au yakiwa na makosa, anakuwa na mwaka mzima. Napenda zaidi huo wa Wajerumani, kwa sababu unaiwekea ofisi gharama ya kunyamaza. Ofisi ikijua kwamba kutoandika mistari miwili kunaipa kesi maisha ya mwaka mzima, mistari miwili itaandikwa.

Kwetu haya yanahitaji vifungu vichache tu. Kwenye Sura ya 438, ofisi yoyote ya umma inayopokea pingamizi la kodi kwa maandishi ilipeleke kwa Kamishna, au kwa halmashauri kama ndiyo inayohusika, na tarehe ya muhuri wa kwanza ndiyo iwe tarehe ya pingamizi. Ofisi isiruhusiwe kumrudishia mtu barua mkononi na kumwambia "nenda ng'ambo." Kwenye Sura ya 408 na kwenye sheria ya mabaraza ya ardhi, chombo kinachojiona hakina mamlaka na suala la kodi kiagize lihamishwe badala ya kuliondoa. Mtu akiwa ametoa notisi ya siku 90 kwa Serikali juu ya jambo ambalo kumbe ni la kodi, notisi hiyo ihesabiwe kuwa ni pingamizi. Mwanasheria Mkuu anapokea nakala yake hata hivyo, na ofisi yake inaweza kutambua suala la kodi kwa kuisoma mara moja.

Na kodi ya majengo ipewe mlango mmoja wa malalamiko usiobadilika, awe anakusanya TRA, halmashauri au mita. Mnaweza kubadilisha mkusanyaji kila bajeti mkitaka. Anayesikiliza asibadilike. Nafikiri ngazi ya kwanza ingekuwa karibu, kwenye kata au halmashauri, kwa sababu swali la kama nyumba ni ya ghorofa au siyo halihitaji Bodi kukaa. Linahitaji mtu mmoja aende akaiangalie.

Hofu ya kwamba milango itafurika naielewa, ila sioni itatoka wapi. Kinga ninayoomba ni kwa aliyewahi, kwa maandishi, kwenye ofisi ya umma, kwa nia njema. Aliyelala miaka mitatu hahusiki. Na Serikali haipotezi mapato wakati wa ubishi, kwa sababu makato ya LUKU yanaendelea kukatwa hata mtu akiwa amepinga. Anayebeba gharama ya kuchelewa kwa uamuzi ni mlipakodi, mwezi hadi mwezi, kila anaponunua umeme.

Ukomo wenyewe siuombei ufutwe. Bajeti haiwezi kupangwa juu ya fedha ambazo mtu anaweza kuja kuzidai baada ya miaka saba, na halmashauri inayojenga zahanati inahitaji kujua fedha zake ni zake. Siku 30 zinatosha kabisa kwa mtu anayejua pa kwenda.

Kamati ya Bajeti huwaalika wadau kutoa maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha kabla ya Juni kwisha, na wanaofika ni wafanyabiashara wakubwa, wahasibu na vyama vyao. Safari hii waalikeni na wasaidizi wa kisheria. Tuko kwenye kila mkoa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, na barua zenye mihuri iliyopandana tunazo. Wakati mnasubiri muswada, liko jambo ambalo halihitaji Bunge hata kidogo: Kamishna Mkuu na shirika la umeme, TANESCO, wakubaliane kuongeza mstari mmoja kwenye ule ujumbe wa tokeni, chini ya makato, wenye jina la ofisi ya kupokea pingamizi na idadi ya siku. Kwa Kiswahili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Msaidizi wa kisheria